Alikuja abanwe, akakutwa na msamba uliochanika: uchambuzi wa kisa kimoja cha upasuaji wa uke

Kisa hiki ni cha hospitali moja ya rufaa Afrika Mashariki. Umri kamili, mji, kazi na tarehe vimeondolewa, na mambo madogo yasiyobadilisha matibabu yamegeuzwa ili mhusika asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wakunga, wauguzi na madaktari, lakini pia kwa mwanamke anayefikiria upasuaji wa uke na anataka kujua nini hasa kitamkuta.

Mgonjwa na ombi lake

Mama wa watoto watatu, miaka 30 na ushei, alifika kliniki ya wanawake na ombi ambalo muuguzi aliliandika kama lilivyosemwa: "Nimekuwa wazi, naomba mnibane." Shoga yake alimwambia kuna hospitali zinafanya kazi hiyo, na kwamba mtu hutoka "kama msichana".

Ombi la namna hii ni rahisi kulibandika jina la urembo, kisha mtu akapangiwa tarehe au akarudishwa nyumbani. Daktari aliyempokea hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza maswali ambayo mama huyu hakuyatarajia. Choo kinatoka chote, au kuna kinachobaki? Huwa unabonyeza mahali popote ili kitoke? Ukinawa, kuna kitu unakigusa mlangoni? Mkojo unakutoka ukikohoa au ukinyanyua ndoo? Ushuzi au choo vinakuponyoka bila kutaka?

Majibu yalibadilisha kisa. Kwa karibu miaka mitatu alikuwa akibonyeza msamba, yaani ile sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, kwa vidole viwili kila alipokwenda choo, la sivyo choo kilibaki njiani. Jioni, hasa siku za kubeba mizigo, alihisi kama kuna yai limekaa mlangoni mwa uke. Wakati wa tendo la ndoa hewa ilimtoka ukeni kwa sauti, na hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote. Akipiga chafya, mkojo ulimtoka matone. Choo na ushuzi aliweza kuvizuia. Hakuwahi kumwambia mhudumu yeyote wa afya. "Nilidhani ndiyo kuzaa," alisema.

Uzazi wake wa kwanza aliongezewa njia. Kidonda kilishonwa, kikaachia siku ya tano, akaambiwa aoge maji ya chumvi na kitajifunga chenyewe. Ngozi ilijifunga kweli, ila misuli iliyokatwa chini yake haikukutana tena. Uzazi wa pili ulipita bila kushonwa. Mtoto wa tatu alikuwa na zaidi ya kilo 4, na baada yake ndipo dalili zilipoanza. Mtoto huyo alikuwa ameshaacha kunyonya zamani. Taarifa hiyo si ndogo: mama anayenyonyesha huwa na estrojeni (homoni ya kike) kidogo, uke wake ni mkavu na mwembamba, na kinachoonekana kimelegea leo huenda kikakaza chenyewe akiachisha.

Jambo moja alilitaja mwishoni kabisa, na kwa sauti ya chini. Kwa miaka miwili alikuwa akiingiza shabu ukeni kabla ya kukutana na mumewe. Shabu hukausha na kukunja utando wa uke kwa saa chache, mtu akahisi amebana. Msuli hauguswi hata kidogo. Kinachobaki ni michubuko, ukavu na mlango wazi kwa maambukizi, pamoja na VVU.

Kilichoonekana kwenye uchunguzi

Uchunguzi ulifanywa amelala chali, kisha akisukuma kama anayejifungua. Asiposukuma hakuna kilichoonekana zaidi ya mlango mpana. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaangalia mgonjwa aliyetulia, wanaandika "kawaida".

Aliposukuma, ukuta wa nyuma wa uke ulitoka sentimita 1 nje ya mzingo wa kizinda, alama ambayo hubaki hata kwa aliyezaa na ambayo hutumika kama sifuri ya vipimo vyote. Hilo ni daraja la 2 la kushuka. Ukuta wa mbele ulikuwa sentimita 2 ndani ya alama, na shingo ya kizazi sentimita 6 ndani. Kwa hiyo kizazi na kibofu havikuwa na tatizo la kushonwa. Mlango wa uke, kutoka tundu la mkojo hadi ukingo wa nyuma, ulipimwa sentimita 5.5. Msamba ulikuwa na sentimita 1.5 tu, mara nyingi huwa 3 hadi 4.

Kidole cha daktari kilipoingizwa njia ya haja kubwa kiliingia moja kwa moja kwenye kile kifuko kilichotuna ukeni. Ushahidi ulikuwa wazi: utando imara unaotenganisha uke na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, ulikuwa umeachia. Pete ya msuli wa kubana choo ilikuwa kamili na ilibana vizuri alipoambiwa akaze. Kama pete hiyo ingekuwa na pengo, kisa hiki kingekuwa kingine kabisa, chenye upasuaji mwingine na hatari nyingine.

Kibofu kilijazwa mililita 300 za maji safi, akaambiwa akohoe. Matone yakatoka. Kwa hiyo kuvuja mkojo kulikuwa kwa kweli, na chanzo chake kiko mbele, si nyuma. Sentensi hiyo iliandikwa kwenye faili. Tutairudia.

Maamuzi kabla ya kisu

La kwanza, shabu isimame, na maambukizi yaliyokuwepo yatibiwe. Utando wenye michubuko haushiki uzi.

La pili, miezi mitatu ya mazoezi ya sakafu ya nyonga, yaani misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na puru, kabla ya kujadili tarehe. Alifundishwa na mkunga kidole kikiwa ndani, maana wengi wakiambiwa "kaza" husukuma chini au hubana makalio. Ratiba ilikuwa kukaza sekunde 8, kuachia sekunde 8, mara 8 hadi 12, kutwa mara tatu. Sababu za kuanza na mazoezi zilikuwa mbili. Kwa mwanamke ambaye misuli yake haikukatika, mazoezi peke yake huweza kutosha na kisu kikaepukwa. Na hata kwa aliyekatika, misuli yenye nguvu hulinda mshono baadaye. Baada ya miezi mitatu mkojo ulikuwa umepungua kumtoka, lakini kifuko cha nyuma kilikuwa palepale na bado alibonyeza ili apate choo. Mazoezi huimarisha msuli uliopo. Ncha mbili zilizokatika na kurudi kando hayaziunganishi.

La tatu, upasuaji upi. Uamuzi ulikuwa kurekebisha ukuta wa nyuma na kujenga upya msamba, basi. Kizazi hakiguswi. Wavu wa plastiki hautumiki: kwa ukuta wa nyuma, tishu za mgonjwa mwenyewe zinafanya kazi vizuri, na wavu uliowekwa kupitia ukeni umeleta madhara ya kutosha hivi kwamba mwezi wa Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziamuru kampuni zilizobaki ziache kuuza wavu wa kutibu kushuka kwa njia hiyo. Upasuaji wa kuzuia mkojo uliahirishwa kwa kuwa matone yalikuwa machache na mazoezi yalikuwa yanasaidia.

La nne, mgonjwa anataka nini na nani anataka. Mume alikuja naye, akauliza, kwa nia njema tu, "Mtambana kiasi gani?" Timu iliomba kuzungumza na mama peke yake. Alipoulizwa akiwa faragha, alitaja choo kwanza, yai la jioni pili, hewa tatu. Kubana kulikuja nafasi ya nne. Mpangilio huo ukawa ndiyo mpango wa kazi: kinachopimwa mwishoni ni choo, uvimbe na hewa.

Alisema amemaliza kuzaa na tayari alikuwa na kipandikizi. Angekuwa anataka mtoto mwingine, timu ingemshauri asubiri, maana kuzaa kwa njia ya kawaida baada ya msamba kujengwa upya huweza kuuchana tena.

Alitia saini mwenyewe. Aliambiwa uwezekano wa kutoka damu, maambukizi, kidonda kuachia, kutoboka kwa puru, maumivu wakati wa tendo, na dalili kurudi baada ya miaka. Aliambiwa pia kwamba upasuaji wa nyuma hautazuia mkojo. Aliitikia "sawa". Hakuna aliyemuuliza ameelewa nini.

Neno moja kuhusu majina ya kwenye karatasi. Utambuzi uliandikwa "kushuka kwa ukuta wa nyuma wa uke na upungufu wa msamba", pamoja na vipimo. Bima nyingi hazilipi urembo, na mama aliyeandikiwa "kubana uke" hulipa mfukoni kwa ugonjwa halisi. Kuna upande wa sheria pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji haiwaachi nje wanawake wazima. Inachotenga ni huduma ya kitabibu yenye lengo la kweli la tiba. Yeyote anayekata au kushona sehemu za siri za mwanamke awe na faili linaloonyesha lengo hilo.

Siku ya upasuaji

Vipimo vilivyofanywa ni wingi wa damu, kundi la damu, sukari, mkojo, ujauzito na VVU. Usiku alikula chakula chepesi. Utumbo haukusafishwa kwa dawa kali. Choo cha majimaji kinachovuja mezani ni kibaya kuliko choo cha kawaida kilichotulia. Gramu 2 za sefazolini, dawa ya kuzuia maambukizi, zilitolewa mshipani ndani ya saa moja kabla ya kukata.

Ganzi ilikuwa ya mgongoni. Alilazwa chali, miguu juu ya vishikio, na muuguzi alihakikisha magoti hayajakunjwa kupita kiasi wala ubavu wa goti haujaegemea chuma, kwani neva inayopita hapo ikibanwa kwa saa moja mgonjwa huamka akiburuta mguu. Mpira wa mkojo uliwekwa.

Kabla ya kukata, vibanio viwili viliwekwa kwenye ukingo wa nyuma wa mlango, kimoja kila upande, kisha vikaletwa pamoja katikati. Vidole viwili vikapitishwa. Vikipita kwa raha, hapo ndipo mahali pa vibanio. Vidole vikikwama, vibanio vinasogezwa nyuma. Kipimo hiki cha nusu dakika ndicho kinachoamua mlango utakuwaje baadaye. Kuna mtego hapa: chini ya ganzi ya mgongoni misuli yote imelala, na mlango unaonekana mpana kuliko ulivyo mgonjwa akiwa macho. Anayeshona hadi "pakae vizuri" mezani amembana kupita kiasi. Ndiyo maana lengo liliwekwa kwa sentimita tangu kliniki: mlango wa sentimita 3.5.

Lidokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 0.5 yenye adrenalini, sehemu 1 kwa 200,000, mililita 20 hivi, ilidungwa chini ya utando. Inapunguza damu, na maji yake yanatenganisha tabaka, kazi ikawa rahisi. Kipande cha ngozi chenye umbo la almasi kilitolewa juu ya kovu la msamba, na utando wa uke ukafunguliwa katikati kuelekea ndani hadi juu ya kifuko. Utando ulibanduliwa kushoto na kulia. Penye kovu la zamani ndipo pa hatari, kwa kuwa puru huwa imenata. Hapo daktari alifanya kazi kidole cha mkono wa kushoto kikiwa ndani ya njia ya haja kubwa chini ya glavu ya pili, ili ajue unene uliobaki mbele ya mkasi.

Utando imara uliokuwa umeachia ulikutanishwa katikati kwa nyuzi za poliglaktini, zinazoyeyuka zenyewe mwilini, namba 2-0, moja moja, zikipandana kutoka ndani kwenda nje. Kila baada ya nyuzi mbili kidole kiliingia kuangalia kama uzi umetoboa puru. Uzi uliotoboa ukiachwa ni mwanzo wa fistula, yaani tundu kati ya puru na uke.

Baada ya hapo palikuwa na njia panda. Mabawa mawili ya msuli mkubwa wa sakafu ya nyonga yanaweza kuvutwa na kushonwa pamoja juu ya puru. Njia hiyo hubana sana na hupendwa na wanaouza "ubanaji". Timu iliikataa. Mabawa hayo kwa maumbile hayakutani hapo. Yakikutanishwa kwa nguvu hujenga daraja gumu ukeni, na maumivu ya tendo la ndoa yanayofuata huwa ya muda mrefu na magumu kutibu. Badala yake zilitafutwa ncha za misuli midogo ya msamba, zilizokuwa zimerudi kando chini ya kovu, zikakutanishwa kwa nyuzi tatu.

Uzi wa tatu ulipofungwa, kidole kilihisi kama ngazi ndogo kwenye ukingo wa nyuma. Ulikatwa, ukashonwa upya chini kidogo. Ngazi hiyo ikiachwa, ndiyo mgonjwa anayoigonga kila tendo.

Utando wa ziada ulipunguzwa kwa uchoyo. Hii ni sehemu ambayo mkono mwepesi huharibu kazi nzuri: utando uliotupwa haurudi, uliobaki zaidi hujikunja wenyewe. Ukafungwa kwa mshono mmoja mrefu, na ngozi ya msamba kwa uzi wa 3-0 unaopita chini ya ngozi. Vidole viwili vilipita. Kidole cha mwisho njia ya haja kubwa, gozi moja ndefu ukeni, kazi ikaisha. Ilichukua dakika 70, na damu iliyopotea ilikadiriwa mililita 150.

Wodini na wiki za mwanzo

Asubuhi gozi na mpira wa mkojo vilitolewa. Hakuruhusiwa kabla ya kukojoa mara mbili na kibofu kuangaliwa kwa ultrasaundi: baada ya mkojo wa kwanza zilibaki mililita 60. Uvimbe na maumivu ya nyuma huweza kumfanya mtu ashindwe kukojoa bila kujua, kibofu kikajaa hadi kulegea.

Aliruhusiwa siku ya pili. Maelekezo ya karatasi yalikuwa mazuri: asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6, asikutane na mumewe kwa wiki 6 na hadi aangaliwe, asikae kwenye mpira wenye tundu katikati (huvuta mshono), akalie beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 mara mbili kwa siku, ajikaushe kwa kugusagusa. Aliambiwa ute wa kahawia na vipande vya uzi vitatoka kwa wiki kadhaa, na kwamba pedi moja inayolowa damu kwa saa moja, homa, usaha wenye harufu, au choo kutokea ukeni ni vya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ndizo zilizokwenda kombo. Mpango ulikuwa parasetamoli gramu 1 kila saa 6 na ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8, pamoja na laktulosi, dawa ya kulainisha choo, mililita 15 kutwa mara mbili kuanzia jioni ya upasuaji. Duka la dawa la hospitali halikuwa na laktulosi, mgonjwa akaambiwa "ule mapapai". Na daktari wa zamu, kwa huruma, alimwongezea tramadoli, dawa kali ya maumivu, ya siku tano.

Tramadoli hufunga choo. Naye mgonjwa, akiogopa kuchana mshono, alikuwa anakula kidogo na kuubana choo kikija. Siku ya sita alikuwa hajapata choo. Usiku wa siku ya saba alisukuma kwa nguvu, akasikia kitu kimeachia, akaona damu.

Siku ya nane alikuwa kliniki. Ngozi ya msamba na tabaka lililo chini yake vilikuwa wazi kwa urefu wa sentimita 2. Hakukuwa na usaha wala homa. Nyuzi za ndani zilishika, na puru ilikuwa nzima.

Daktari kijana alitaka kushona palepale. Bingwa alikataa: kingo zilikuwa zimevimba na uzi ungekata tishu kama unavyokata siagi, na tabaka lenye kazi, lile la ndani, lilikuwa salama. Kama ndani pangekuwa pameachia, au choo kikapita ukeni, angerudi chumba cha upasuaji. Kwa hiyo kidonda kiliachwa kijae chenyewe kutoka chini. Tramadoli ilisimamishwa. Laktulosi ilitafutwa nje, mililita 30 kutwa mara mbili hadi choo kilainike, kisha 15. Alifundishwa kukalia choo miguu ikiwa juu ya kigoda, magoti yakiwa juu kuliko nyonga, na kutoa pumzi badala ya kuifunga. Beseni likawa mara tatu kwa siku. Aliangaliwa kila wiki. Wiki ya tano kidonda kilikuwa kimefunga, kikaacha kovu.

Matokeo

Tendo la ndoa lilianza tena wiki ya kumi, na liliuma mlangoni. Uchunguzi ulionyesha uzi mgumu wa kovu pale kidonda kilipoachia. Sehemu ya ndani ilikuwa laini na haikuuma. Alipewa kazi ya kulikanda kovu kwa kidole gumba na mafuta ya nazi, dakika 5 kila siku, akilisukuma chini na kando hadi ahisi linavutika bila kuuma sana, na kutumia kilainishi cha maji wakati wa tendo. (Anayetumia kondomu ya mpira ajue mafuta ya nazi huiharibu.) Mumewe aliitwa naye akaelezwa, maana maumivu yakirudiwarudiwa, mwili hujifunza kujikaza kabla ya kuguswa, na hapo kovu huwa si tatizo pekee tena. Mwezi wa sita alisema maumivu yamebaki "siku moja moja".

Mwezi wa 12 ukuta wa nyuma ulikuwa sentimita 2 ndani ya alama hata akisukuma, mlango sentimita 3.5, msamba sentimita 3. Hakuwa akibonyeza tena ili apate choo. Lile yai la jioni lilikuwa limetoweka. Hewa ilikuwa ikimtoka mara chache.

Mkojo ulikuwa bado unamtoka akipiga chafya, na hilo lilimkasirisha. "Nimepasuliwa, nimeuguza kidonda, na bado nalowa?" Kwa maneno ya faili, matokeo yalikuwa mazuri. Kwa maneno yake, robo ya alichokilipia hakikufanyika.

Kilichofanya kazi

Maswali ya kwanza ndiyo yaliyookoa kisa hiki. "Nimelegea" ni lalamiko, na nyuma yake huweza kuwa msamba uliokatika, ukuta ulioshuka, ukavu wa kunyonyesha au wa kukoma hedhi, msuli dhaifu usiokatika, au uke wa kawaida kabisa na maneno makali ya nyumbani. Kila kimoja kina dawa yake, na kisu ni dawa ya viwili vya mwanzo tu. Swali la kubonyeza msamba ili choo kitoke lina thamani kuliko vipimo vingi vya gharama, na mgonjwa halitaji asipoulizwa.

Kuandika lengo kwa sentimita kabla ya siku ya upasuaji kulizuia mkono kubana kwa kufuata macho. Kukataa kuvuta mabawa ya msuli mkubwa kulihakikisha kwamba maumivu yaliyotokea yalikuwa ya kovu la nje, ambalo kidole na mafuta vilililainisha. Daraja la ndani lingehitaji kisu cha pili. Kumsikiliza mama bila mume chumbani kulibadilisha orodha ya malengo. Na uamuzi wa kutoshona tena siku ya nane ulihitaji subira kuliko ustadi, ila ulikuwa sahihi: kushona kingo zilizovimba ili kumtuliza mgonjwa (na daktari) mara nyingi huzaa kuachia kwa pili.

Kilichoharibika, na kwa nini

Kidonda hakikuachia kwa sababu ya uzi mbaya. Kiliachia kwa sababu ya chupa moja ya laktulosi. Katika upasuaji wa nyuma ya uke, dawa ya kulainisha choo ni sehemu ya upasuaji kama uzi ulivyo. Isipokuwepo dukani, mgonjwa aambiwe ainunue kabla ya kulazwa, na isipopatikana popote tarehe isogezwe. Papai ni zuri, lakini halishindani na tramadoli. Tangu kisa hiki wodi ile haimruhusu mgonjwa wa namna hii bila chupa mkononi, na tramadoli haiandikwi ila kwa maumivu yaliyoshinda dawa mbili za kwanza, nayo kwa siku moja au mbili. Simu ya siku ya tatu au ya nne, yenye swali moja tu, "umepata choo?", ingeligundua tatizo mapema. Haikupigwa.

La mkojo ni la mawasiliano. Alielezwa mara moja, kwa mdomo, katikati ya orodha ndefu, siku aliyokuwa anafikiria ganzi. Kuitikia "sawa" mbele ya daktari kwetu ni adabu. Si ushahidi wa kuelewa. Njia iliyo rahisi ni kumwomba arudie kwa maneno yake: "Nyumbani wakikuuliza upasuaji huu utaondoa nini na utaacha nini, utawaambiaje?" Kama angeulizwa hivyo, huenda angeomba vyote vishughulikiwe pamoja, au angekubali mazoezi yaendelee bila kinyongo. Kwa sasa anaendelea na mazoezi na amepangiwa tathmini ya njia ya mkojo.

Kuna jambo la tatu ambalo faili halikulirekodi kabisa. Ile ahadi ya shoga, "kama msichana", haikujibiwa na mtu. Upasuaji huu hupunguza upana na kurudisha umbo. Hauongezi neva, hauahidi raha, na hakuna mshono unaomzuia mume kutoka nje. Mgonjwa akiingia na tumaini hilo bila kupingwa, atatoka nalo.

Wanaokuja kwa urembo mtupu

Baada ya vipimo, wapo ambao hawakutwi na kasoro ya kushonwa. Kwao timu ile huanza na picha na maelezo: mashavu ya ndani ya uke hutofautiana sana kwa urefu, rangi na ulinganifu, na mengi yanayoletwa kama ulemavu ni maumbile ya kawaida. Kupunguza mashavu hujadiliwa kwa aliye mtu mzima, yanapomchubua au kumuuma kwenye mwendo au tendo, naye aelezwe kuwa ganzi isiyoisha na kovu lenye maumivu huweza kufuata.

Mashine za leza na za mawimbi ya joto, zinazotangazwa kwenye simu zetu kama njia ya kubana bila kisu, zilitolewa tahadhari na FDA mwezi wa Julai 2018: hazikuwa zimeidhinishwa kwa kazi hiyo, na madhara yaliyoripotiwa ni kuungua, makovu, maumivu wakati wa tendo na maumivu ya kudumu. Chama cha madaktari bingwa wa wanawake cha Marekani, ACOG, kilitoa tahadhari kuhusu upasuaji wa urembo wa uke mwaka 2007 na kikaitoa upya mwaka 2020: wanawake waambiwe kwamba ushahidi wa usalama na manufaa yake hautoshi.

Kwa anayeulizia huduma hii popote pale, maswali matano yanatosha kumpima mtoaji. Umenikuta na kasoro gani, na vipimo vyake ni vipi? Kabla ya kisu nimejaribu nini kingine? Utashona tabaka zipi, na je, utavuta msuli mkubwa wa nyonga? Dalili zangu zipi zitabaki vilevile? Na kidonda kikiachia siku ya nane, nitampigia nani? Mtoaji anayejibu la kwanza kwa kumwonyesha picha za "kabla na baada" bado hajampima mgonjwa.